Je, Jasho la Mzazi Hulipa Kila Deni?

Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii twaipenda sote, na aghalabu twaitumia kuwasuta wale wazaao ovyo wakawaacha watoto wao wakizurura. Lakini wako wazazi ambao methali hii huwachoma kwa namna nyingine kabisa. Hao si wavivu, wala si walevi, wala si watu wasiojali. Ni watu waliowaacha watoto wao kwa sababu waliwapenda. Walikwenda mbali kuwatafutia chakula, nguo na ada ya shule, wakafanya kazi usiku na mchana, wakatuma fedha nyumbani. Kisha miaka ikapita, watoto wakaletwa kwao, nao wakaona kwamba aliyefika mlangoni ni mgeni. Je, wazazi hao walilea au hawakulea? Na mtoto aliyeumia katika nyumba kama hiyo, je, anayo haki ya kulalamika, au jasho la wazazi wake limekwisha kumfunga mdomo?

Swali hili si jepesi. Twataka kulitazama kwa kufuata habari za watu wa visiwa vya Karibi waliohamia Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Twauchagua mfano huo kwa sababu mbili. Kwanza, mambo yao yamekwisha kusimuliwa na wenyewe, kwani waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazee, na wengi wamefumbua vinywa. Pili, mtu huona ufa upesi zaidi katika nyumba ya mbali. Akirudi kwake ndipo anapoinua macho na kuona kwamba paa lake nalo linavuja.

Tarehe 22 Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilishusha abiria wake katika bandari ya Tilbury, karibu na London. Mamia yao walitoka Jamaika, Trinidad na visiwa vingine. Nauli ya chini kutoka Jamaika ilikuwa pauni 28, nazo zilikuwa fedha nyingi kwa mtu wa mashamba ya miwa. Mwaka uo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyothibitisha kwamba wenyeji wa makoloni ni raia, wenye haki ya kuingia nchini na kukaa. Mwaka 1951 kimbunga kikali kiliipiga Jamaika, na mwaka 1952 Marekani ikatunga sheria iliyowafungia watu wa visiwa hivyo karibu mlango wote. Basi njia iliyobaki ikawa ya Uingereza, nayo Uingereza ilikuwa na haja ya mikono. Huduma mpya ya hospitali, iliyoanzishwa Julai 1948, ilitafuta wauguzi na wapishi na wafagiaji. Shirika la mabasi na reli za London lilianza mwaka 1956 kuajiri watu huko huko Barbados, na serikali ya kisiwa ikawakopesha nauli ili wailipe kidogo kidogo katika mishahara yao. Ilipofanywa hesabu ya watu mwaka 1961, wazaliwa wa Karibi katika Uingereza walikuwa zaidi ya 170,000.

Wengi wao walikuwa vijana, na wengi walikwisha kuwa wazazi. Kuwachukua watoto hawakuweza. Nauli ilikuwa ya mtu mmoja, na huko waendako hawakujua watalala wapi. Wakajiambia kwamba watakaa miaka mitano tu, wapate fedha, warudi wajenge. Wakawaacha watoto kwa bibi zao. Hapa yatupasa tuwe waadilifu: katika desturi za visiwa vile jambo hilo halikuwa kumtupa mtoto. Bi Edith Clarke wa Jamaika alitoa kitabu mwaka 1957 juu ya familia za nchi yake, akaonyesha jinsi akina mama wengi walivyobeba mzigo wa baba pia, na jinsi bibi alivyokuwa nguzo ya nyumba. Mtoto kulelewa na bibi kulikuwa jambo la kawaida, kama lilivyo kwetu. Hakuna aliyeliona kuwa kosa.

Lakini miaka mitano ikawa saba, na saba ikawa kumi. Mwaka 1962 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingine ya kuwazuia watu wa makoloni na nchi zilizokuwa makoloni wasiingie kwa uhuru kama zamani, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai. Wazazi wakaona kwamba mlango unafungwa. Waliokuwa wakingoja wapate nyumba nzuri kwanza hawakungoja tena. Wakaandika barua kwa bibi: mlete mtoto.

Sasa, wasomaji wapenzi, mfikirieni mtoto huyo. Hatumtaji mtu fulani. Twaweka mbele yenu mmoja aliye mfano wa wengi. Ana umri wa miaka kumi. Aliachwa akiwa na miaka miwili. Amekua katika kijiji cha Jamaika, penye miembe na mishelisheli, penye kuku uani na jirani wanaomjua kwa jina. Bibi yake humwita “Mama”, kwa kuwa ndiye aliyemwosha, aliyemfunza sala, aliyekesha naye alipougua. Mama mwingine anamjua kwa picha iliyo ukutani na kwa kifurushi kijacho kwa posta kabla ya Krismasi. Siku moja anavishwa viatu vipya na koti, anaambiwa kwamba anakwenda kwa mama yake. Mtoto haelewi. Mama yake si huyu aliyesimama hapa akijifuta machozi kwa pindo la aproni?

Anafika Uingereza wakati wa baridi. Katika umati wa watu mwanamke asiyemjua anamshika mkono, anamtazama, anasema kwamba amekua sana. Wanakwenda kwenye nyumba ambayo ndani yake familia yao ina chumba kimoja au viwili. Hapo kuna mwanamume anayeambiwa amwite baba, na watoto wadogo wawili waliozaliwa Uingereza, ambao wanamjua mama huyo vizuri, wanapanda mapajani mwake bila kuomba ruhusa. Mgeni anasimama karibu na jiko la mafuta ya taa. Hajui amwite mwanamke yule nani. Basi hamwiti kwa jina lolote. Mama naye, aliyeota siku hii kwa miaka minane, aliyeweka shilingi juu ya shilingi kwa ajili yake, anangoja mtoto amkumbatie. Mtoto hamkumbatii. Mama anasema moyoni: ama kweli, hana shukrani. Hapo ndipo vita ya nyumba inapoanza, na hakuna aliyeitangaza.

Twaongeza mambo mengine yaliyozidisha moto. Vyumba vya kupanga vilikuwa shida. Wenye nyumba wengi waliwafungia milango watu weusi, na haikuwa kosa kwa sheria mpaka mwaka 1968, ilipopitishwa sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba na kazi. Watu wa Karibi walijiokoa kwa mchezo wa fedha ambao Wajamaika huuita “pardner”, nasi twauita upatu: kila mmoja hutoa fungu lake kila wiki, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Kwa fedha hizo wengi walinunua nyumba zao. Lakini mtu anayelipa upatu, na kodi, na fedha za bibi kisiwani, hana budi kufanya kazi za zamada. Mama alikuwa hospitalini usiku, baba kiwandani au kwenye reli mchana. Mtoto mkubwa ndiye aliyewapikia wadogo na kuwapeleka shuleni. Mwaka 1958 palitokea ghasia katika mtaa wa Notting Hill, vijana wa Kizungu wakawashambulia weusi. Mwaka uliofuata seremala kutoka Antigua, Kelso Cochrane, aliuawa kwa kisu njiani katika mtaa huo huo. Wazazi walirudi nyumbani na hofu na matusi ya mchana kutwa, na mahali pekee walipoweza kuamuru na kutiiwa palikuwa nyumbani kwao. Fimbo na mkanda vikafanya kazi.

Shuleni nako hapakuwa na nafuu. Walimu wengi waliusikia usemi wa mtoto wa kisiwani wakauona kuwa ni ujinga. Mwaka 1971 mwalimu kutoka Grenada, Bernard Coard, alitoa kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa Karibi walivyokuwa wakipelekwa kwa wingi kupita kiasi katika shule za wale waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Wazazi waliposhtuka na kuelewa, walianzisha shule zao wenyewe za Jumamosi. Lakini kabla ya kuelewa, baba aliyepata barua ya shule kwamba mwanawe hana akili aliamini barua, kwa kuwa nyumbani kwao mwalimu alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Akamwadhibu mtoto kwa kosa ambalo lilikuwa la shule.

Si kila nyumba ilikuwa hivi. Nyumba nyingi zilikuwa na kicheko, na muziki, na ibada, na chakula cha Jumapili kilichokusanya jamaa wote. Lakini zile zilizokuwa na taabu hazikuwa chache, na watoto wake wamebeba taabu hiyo hadi uzeeni. Basi turudi kwenye swali letu.

Wako wajibuo upesi. Wa kwanza husema: “Wazazi wale walijitoa mhanga. Walisafisha sakafu za watu ili watoto wao wasome. Amri ya Nne yasema tuwaheshimu wazazi. Mtoto na ashukuru, na anyamaze.” Wa pili husema: “Mzazi aliyeniacha na kisha akanipiga hakunilea. Simdai, hanidai. Namtakia maisha mema, ila mbali nami.” Majibu haya mawili huonekana kama maadui, lakini kwa kweli ni ndugu. Yote mawili yanahesabu upendo kama muuza duka anavyohesabu: wa kwanza anasema deni limelipwa, wa pili anasema halikulipwa, na wote wawili wanafunga daftari. Sisi hatukubaliani na yeyote kati yao.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani sababu na udhuru. Sababu huonyesha kwa nini tendo lilitendeka. Udhuru huliondolea tendo lawama. Mtu aliyechelewa kwa kuwa mto ulifurika ana sababu na ana udhuru. Mtu aliyempiga mtoto kwa kuwa alitukanwa na msimamizi wake ana sababu, udhuru hana. Mtoto hakumtukana. Tunapoeleza taabu za baba yule, twapata haki ya kumwonea huruma, na pengine kupunguza ukali wa hukumu yetu. Hatupati haki ya kumwambia mtoto kwamba hakupigwa.

Mtu aweza kutujibu hivi: “Lakini baba naye alipigwa, na aliyempiga baba alipigwa.” Ni kweli, na katika visiwa vile mnyororo huo ni mrefu. Msimamizi alimtukana mtu mweusi kwa kuwa alifundishwa tangu utotoni kwamba mweusi ni duni. Mafundisho hayo yalikuzwa na utumwa, ambao katika makoloni ya Uingereza ulifutwa kwa sheria mwaka 1834, na kazi ya kulazimishwa iliyoufuata ikakoma mwaka 1838. Chini ya utumwa mtoto aliweza kuuzwa mbali na mama yake, na mjeledi ulikuwa ndio lugha ya bwana. Utumwa ulipofutwa, serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia waliomiliki watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti moja. Haya yote yafaa yajulikane, na asiyeyajua hawezi kuhukumu familia hizo kwa haki. Lakini tukisema kwamba kila aliyetenda ubaya alitendewa ubaya kwanza, na kwa hiyo hana lawama, tutafika mwisho wa mnyororo bila kumpata mwenye kosa hata mmoja, na huku mtoto bado analia.

Mnyororo wa namna hiyo haukatiki kwa kumtafuta wa kwanza aliyeuanza. Hukatika pale ambapo mtu mmoja, yeyote, anakubali kusema: “Mengine yote ni ya wengine, ila pete hii moja ni yangu.” Haidhuru awe nani katika ukoo. Baba akisema hivyo, mwanawe anapumua. Mtoto akisema hivyo juu ya watoto wake mwenyewe, wajukuu wanapona. Hilo ndilo twaliona kuwa kiini cha jambo lote. Ugumu wa maisha ya mzazi ni sababu ya kumhurumia mzazi. Si sababu ya kumnyamazisha mtoto.

Twajua kwamba ukimya wa nyumba zile ulikuwa na maana yake. Wazazi waliishi kati ya watu waliowadharau. Waliogopa kwamba neno lolote la nyumbani likitoka nje litatumiwa na majirani, na magazeti, na wenye mamlaka, kuthibitisha kwamba weusi hawajui kulea. Basi wakafundisha kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje. Twawaelewa, na pengine sisi tungefanya vivyo hivyo. Lakini siri ilifungwa hata ndani ya nyumba yenyewe. Mama hakumweleza mtoto kwa nini alimwacha, wala alilia usiku ngapi, wala kwa nini barua zilikuwa fupi. Alidhani kwamba mtoto anajua. Mtoto hakujua, alidhani kwamba aliachwa kwa kuwa hakupendwa. Kwa hiyo wakaishi chini ya paa moja watu wawili waliopendana, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake hampendi. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Jambo hili halikutokea Uingereza peke yake. Watu wa Barbados waliohamia New York walikuwa na vita vyao. Mwandishi Paule Marshall, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1929 kwa wazazi wa Barbados, aliandika riwaya iitwayo Brown Girl, Brownstones, iliyotoka mwaka 1959. Humo mama, Silla, anataka kitu kimoja tu: kuinunua nyumba wanayopanga. Baba, Deighton, amerithi kipande cha ardhi kisiwani na anaota kurudi. Mama anaiuza ardhi hiyo kwa hila, bila ya mumewe kujua. Baba anazipata fedha na kuzitapanya kwa siku moja. Mwishowe mama anamshtaki mumewe kwa maafisa wa uhamiaji, anarudishwa kwao, naye anakufa majini karibu na pwani ya kisiwa chake. Binti yao Selina anamwita mama yake kwa jina la dikteta wa Ujerumani.

Tukiulizwa kama lengo la mama lilikuwa jema, twajibu kwamba ndiyo: aliwatakia watoto wake paa la kudumu. Tukiulizwa kama alitenda ubaya, twajibu pia kwamba ndiyo, na ubaya mkubwa. Jibu moja halifuti la pili. Na yafaa tuangalie kwamba katika riwaya hiyo binti anakuja kumwelewa mama yake, hata anajiona kuwa amefanana naye, lakini anafika huko baada ya kumkabili kwa maneno ya wazi. Kama angenyamaza, angebaki na chuki iliyofunikwa, ambayo ni kitu tofauti na heshima.

Hapa tutaje jambo lililotokea karibu zaidi na siku zetu. Watoto wale walioitwa na wazazi wao walikua, wakafanya kazi, wakalipa kodi. Sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika mwaka 1973, iliwapa haki ya kubaki, lakini wengi wao hawakupewa hati yoyote ya kuthibitisha. Mwaka 2010 kadi za zamani za kuingia nchini kwa meli ziliharibiwa na wizara iliyozitunza. Kisha sheria mpya zikadai kila mtu aonyeshe hati kabla ya kupata kazi, au nyumba, au matibabu. Wazee waliofika wakiwa watoto wakaambiwa kwamba si wa nchi hiyo. Wako waliofukuzwa kazi, wako waliowekwa kizuizini, wako waliorudishwa katika visiwa walivyoviacha miaka hamsini nyuma. Mambo yalipofichuka, Aprili 2018 Waziri Mkuu Theresa May aliomba radhi, na waziri wa mambo ya ndani, Amber Rudd, akajiuzulu.

Siku zile watu wenye haki hawakuwaambia wazee hao: “Nyamazeni, kwani nchi hii iliwapa shule na hospitali.” Sote tuliona kwamba kutendewa mema hakumfungi mtu asidai haki alipotendewa mabaya. Tuliona kwamba serikali yenye nguvu haidhalilishwi kwa kuomba radhi. Hudhalilishwa kwa kukataa. Ikiwa twakubali hivyo kwa serikali, kwa nini twakataa kwa mzazi? Je, mama ana haja ndogo zaidi ya ukweli kuliko waziri? Na mtoto ana haja ndogo zaidi ya faraja kuliko raia?

Yafaa sasa tuinue macho tutazame paa letu. Zamani baba zetu walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakarudi baada ya miaka na kukuta watoto wasiowatambua. Leo akina mama wa Kenya, Uganda na Tanzania huenda Saudia, Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wanalea watoto wa wengine huku wa kwao wakilelewa na bibi. Hatuwalaumu. Asiyejua njaa ya watoto wake asimhukumu mama aliyepanda ndege. Simu nayo imefupisha njia, kwani mama aweza kuuona uso wa mwanawe kila jioni, jambo ambalo mama wa Jamaika mwaka 1960 hakuliota. Hata hivyo fimbo ya mbali haiui nyoka, na sura iliyo katika simu haimshiki mtoto homa ikipanda. Yaliyowapata watu wa Karibi yaweza kutupata sisi, na mengine yamekwisha kutupata.

Basi yatupasa tufanye nini? Twaona wajibu katika pande tatu.

Wajibu wa mzazi ni kumwambia mtoto habari yote. Amwambie kabla ya kuondoka, kwa maneno ambayo mtoto aweza kuyaelewa, kwa nini anakwenda na ni nani atakayemshika. Akirudi, au mtoto akiletwa kwake, asidai kukumbatiwa. Asishindane na bibi katika moyo wa mtoto, maana mtoto aliyejifunza kupenda kwa bibi ndiye atakayeweza kumpenda na mama. Na kama alimwumiza, aseme: “Nilikuumiza.” Maneno hayo hayamwondolei mzazi cheo chake. Kwa desturi zetu mtoto huomba radhi ya wazazi, na ni vizuri hivyo. Lakini mzazi anayemwomba mtoto wake msamaha hajaipindua desturi. Amemfundisha mtoto kwa mfano maana ya radhi yenyewe.

Wajibu wa mtoto ni kuijua habari yote kabla ya kukata hukumu. Aulize: mlilala wapi, mlikula nini, nani aliwatukana, nani aliwakopesha nauli? Akikuta kwamba mama aliyemwona mkali alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, peke yake katika mji wa baridi, akituma nusu ya mshahara wake kisiwani, jeraha lake halitapona papo hapo. Lakini atajua kwamba hakuachwa kwa kuwa hakupendwa. Pengine mzazi hatakubali kamwe kusema neno la toba. Hapo mtoto hana deni la kujifanya hakuumia, wala halazimiki kukaa mahali anapoendelea kuumizwa. Heshima yaweza kukaa mbali kidogo. Yaweza kuwa kumtunza mzazi mgonjwa bila kusema uongo juu ya zamani. Lakini wajibu mmoja haumwondoki: asiupitishe mkanda ule kwa watoto wake.

Wajibu wa tatu ni wetu sote tulio nje ya nyumba. Waingereza waliitaka mikono ya wafanyakazi, wakasahau kwamba kila jozi ya mikono ina watoto. Waliwapa kazi, hawakuwapa nyumba. Wengi wa Karibi wamesimulia kwamba hata makanisani walipokewa kwa baridi, wengine wakaombwa wasirudi tena. Kisha jamii ile ile iliyowakataa ikashangaa kwamba nyumba zao zina taabu. Tusifanye hivyo kwa majirani zetu. Mtoto anayelelewa na bibi mtaani kwetu, mama yake akiwa ng’ambo, asiitwe yatima wala asichekwe. Bibi mzee asiachwe peke yake na vijana wanne. Na mama anaporudi, tusimpokee kwa kumwuliza tu ameleta nini.

Tulianza kwa kuuliza kama jasho la mzazi hulipa kila deni. Jibu letu ni hapana. Jasho hulipa chakula, na ada, na paa, na hayo si madogo. Mtoto asiyeyashukuru amekosa adabu. Lakini liko deni ambalo halilipwi kwa jasho wala kwa fedha, nalo ni deni la ukweli. Deni hilo mzazi anadaiwa, na mtoto pia anadaiwa. Halihitaji nauli, wala hati, wala mshahara. Lahitaji watu wawili waketi, hata kama mmoja ni mzee wa miaka themanini na mwingine ana miaka sitini, na mmoja wao aanze kusema. Wasomaji wetu walio na neno la namna hiyo kifuani wasingoje mpaka msiba. Kaburini hatupeleki maswali tukarudi na majibu.